Kidude cha Sikioni

Kavugho hakuwa mchoyo wa dharau. Aliigawa kwa wauza mawese wanaojaza chupa nusu, kwa mapadri vijana wanaohubiri hadi watoto walale, na kwa wanaume wanaovaa koti la suti kwenye jua la Kisangani. Lakini fungu nono kuliko yote alilitenga kwa ajili ya watu wanaotembea barabarani wakiongea peke yao, kidude kimechomekwa sikioni, mikono ikirushwa huku na huku.

"Zamani," alikuwa akisema, "mutu akiongea peke yake barabarani, famille yake inamufunga kamba na kumupeleka kwa masista wanaotunza vichaa. Leo wanamuita boss."

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa Kirumba kule Kivu ya Kaskazini, mfupi, mpana wa mabega, na sauti yake ilijulikana kutoka mwisho mmoja wa soko kuu hadi mwingine. Aliuza vitunguu na maharagwe kwa jumla. Alipofiwa na mumewe, miaka minane iliyopita, alibakiwa na vitu viwili: depo ya sokoni, ghala lake la vitunguu, na shemeji aliyeitwa Léopold. Depo ilimpendeza.

Léopold alikuwa na vidude viwili, cheupe kimoja kwa kila sikio, kama punje za mahindi. Alivivaa akinyoa ndevu. Alivivaa akila pondu, mboga ya majani ya muhogo, mezani kwa Kavugho, na ukimuuliza kama anataka samaki aliinua kidole kimoja hewani kukuambia ngoja, niko katika mambo makubwa. Aliwainulia kidole wateja na wapagazi. Jumapili moja, mbele ya mlango wa kanisa, alimwinulia kidole padri aliyemnyoshea mkono wa salamu, na Kavugho alitamani ardhi ipasuke immeze, si yeye, bali Léopold. Kazi ya Léopold katika depo ilikuwa kuwasiliana na madereva. Kazi hiyo yenyewe Kavugho ndiye aliyeifanya, kwa sababu kila akimwuliza shemeji yake gari limefika wapi, jibu lilikuwa lilelile: "Voilà, voilà, yaya, niko naifuata." Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyomwita.

Mwaka ule ulikuwa mwaka Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi. Vita ilikuwa mbali na Kisangani kwa macho, lakini ilikuwa karibu kwa kila kitu kingine. Vitunguu vilitoka Butembo, vikapita Beni na Komanda, vikaingia ule msitu ambao ndani yake kulikuwa na watu wanaochinja wenzao kwa mapanga, vikatokea Mambasa, kisha Nia-Nia, kisha Bafwasende, ndipo vikafika. Mfanyabiashara hakuwa na macho ya kuona njia hiyo yote. Alikuwa na simu. Kwa hiyo Kavugho aliongea na simu tangu misa ya asubuhi hadi wakati wa kufunga, simu imebanwa kati ya sikio na bega la kulia, mikono yote miwili ikichambua vitunguu vilivyooza. Na alipiga kelele, maana simu yake ilikuwa kuukuu, na watu wa upande wa pili walisikika kama waliofungiwa ndani ya pipa.

Mama yake mzazi naye alikuwa ndani ya simu hiyo. Waasi walipoingia Kirumba, bibi kizee alitembea kwa miguu siku tatu hadi akapata gari la kumpeleka Butembo, kwa Annette, mdogo wake Kavugho. Tangu hapo walizungumza kila Jumatano na kila Jumapili, binti akipaza sauti, mama akijibu, "Niko muzima, niko muzima," na wote wawili hawakusikiana vizuri.

Shingo ilianza kumuuma mwezi wa pili. Kufikia mwezi wa tatu hakuweza kugeuka bila kugeuza mwili mzima, kama mlango. Akaenda kwa Agathe, muuguzi wa kituo cha afya karibu na kwake, ambaye alimbonyeza mara mbili tu na kuguna.

"Maman, hii shingo imekuwa ubao. Ni ile simu. Donc, dawa iko mbili. Upunguze kuongea, ama ununue ekuteri, kidude cha sikioni, ile isiyo na waya."

"Nipunguze kuongea?" Kavugho alicheka hadi maumivu yakamkata kicheko. "Na ile ingine siitaki. Mimi si kichaa."

Kosa lake lilikuwa kulisimulia jambo hilo nyumbani. Léopold, aliyekuwa akila, alitoa punje moja ya sikio kwa mara ya kwanza katika wiki nzima.

"Yaya! Finalement! Nitakuletea kama yangu. Utaona, utakuwa mutu mwingine."

Hilo lilitosha. Kitu anachokisifu Léopold kilikuwa kimekwisha kuhukumiwa. Kavugho alikaa wiki tatu akiteseka kwa makusudi. Alijaribu kushika simu kwa mkono, lakini mkono mmoja hauchambui vitunguu. Alijaribu kuifunga kichwani kwa kitambaa, na wapagazi wakamwita, kwa sauti wasiyodhani ataisikia, mgonjwa wa meno. Alijaribu kuiweka mezani ipige sauti wazi, na soko zima likajua bei anayonunulia Butembo.

Katika wiki hizo ndipo Jambo la René lilipotokea. René alikuwa dereva wake wa miaka sita, kijana wa Bengamisa, mpole, asiyekunywa pombe kazini. Alipiga simu Jumatatu moja, sauti ikitoka ndani ya pipa kama kawaida, akasema kwamba msafara wao umeshambuliwa kabla ya Mambasa. Magari mawili yamechomwa. Yeye ameponea chupuchupu, gari lina matundu, magunia zaidi ya nusu yamechukuliwa au yamemwagika njiani. Sasa yuko Nia-Nia anatafuta kipuri.

Kavugho aliketi juu ya gunia. Miaka miwili nyuma, katika njia hiyohiyo, binamu yake Elisée alikuwa ameuawa pamoja na abiria wengine tisa, wakazikwa Mambasa palepale bila jeneza. Hakuuliza tena habari za vitunguu.

"Acha hiyo mizigo, mwanangu," alisema, akipiga kelele huku machozi yakimtoka. "Rudi na roho yako. Unasikia? Rudi na roho yako tu!"

Kesho yake aliandikisha misa ya shukrani, na jina la René likasomwa kanisani mbele ya watu wote. Léopold alikuwa benchi la pili, kichwa kimeinama. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kitu masikioni, na Kavugho alifikiri: kumbe naye ni mtu.

Jumatano ya wiki iliyofuata shingo ilimshinda. Akaamua kwenda kuangalia, kuangalia tu, hicho kidude. Lakini asingeweza kwenda duka la jirani na soko, ambako wapagazi wake wangemwona na kucheka mwezi mzima. Alipanda toleka, ile teksi ya baiskeli, akamwambia mwendeshaji ampeleke komini ya Kisangani, mtaa wenye jina la mji wenyewe, mbali na macho ya wanaomjua. Huko kulikuwa na Papa Mahmoudi.

Mahmoudi alikuwa mzee wa kofia nyeupe, wa zile familia za Waislamu zilizofika na misafara ya biashara enzi za mababu zao. Babu yake alikuwa fundi wa saa, baba yake fundi wa redio, yeye fundi wa simu. Duka lake halikuzidi upana wa kitanda. Alimsikiliza Kavugho bila kumkatiza, kisha akaweka vitu vitatu juu ya kioo.

"Hii iko na waya," alisema. "Bei yake ndogo. Lakini kwa kazi yako, maman, waya itanaswa kwa gunia na itakatika mbele ya mwezi kuisha. Hii, tuwili tudogo tweupe…"

"Hizo nazijua. Ondoa."

"Naondoa. Ni tuzuri kwa muziki, kwa simu sokoni hapana. Mdomo yake iko mbali na mdomo yako, atakayesikika ni jirani. Na tunaanguka. Mutu mmoja alikuja hapa analia, kamoja kaliingia ndani ya sufuria ya pondu." Akasukuma cha tatu mbele. Kilikuwa utepe wa kupita juu ya kichwa, sikio moja tu lenye sponji, na mkono mwembamba uliopinda kuelekea mdomoni. "Hii ni ya kazi. Sikio moja linasikia simu, lingine linabaki na watu. Hii fimbo inashika sauti yako tu. Ukiichaji inamaliza siku mbili. Sponji itapasuka kisha mwaka mmoja, sikudanganyi, utakuja nitabadilisha."

Kavugho alikitazama kama mtu anavyotazama kinyesi cha mbuzi juu ya kitanda.

"Nikivaa hii nitafanana na nani?"

"Na watu wa kuongoza ndege kule uwanja wa Bangboka."

"Na kichaa anayejidhania anaongoza ndege." Akakigeuza kwa kidole kimoja. "Papa Mahmoudi, wewe ni mutu mzima, unasali. Huoni haya kuuza upuuzi kama huu?"

"Maman, nauza hata vifuniko vya simu vyenye picha za paka," alisema Mahmoudi bila kukasirika. "Jaribu. Kujaribu haiombi kitu."

Akakiunganisha na simu ya Kavugho. Kavugho alivua kitambaa, akaangalia nyuma kama hakuna anayepita, akakivaa, akarudisha kitambaa juu yake. Simu akaitia katika mfuko wa kiunoni, chini ya kitenge. Alijiona katika kioo cha kuvunjika kilichokuwa ukutani, na midomo ikamshuka kwa kujidharau.

Simu ikaita palepale. Mahmoudi alimwonyesha pa kubonyeza.

"Maman?" Ilikuwa René. Na sauti haikutoka ndani ya pipa. Ilikuwa karibu sana, laini, yenye pumzi, hivi kwamba Kavugho aligeuka kumtafuta dukani. "Maman, ni mie. Bado niko Nia-Nia. Kipuri hakijapatikana."

"René! Umekula?"

"Kidogo, maman. Maisha huku ni nguvu. Usiku tunasikia risasi."

Nje, katika barabara, msiba ulikuwa ukipita. Lazima marehemu alikuwa na jina, maana walikodi fanfari kamili: ngoma kubwa, matarumbeta, na wanawake wa sare wakiimba nyuma ya gari. Tarumbeta mojawapo lilikuwa bovu au mpigaji wake alikuwa mbovu, kwa sababu kila likifika noti ya juu liliteleza na kutoa sauti kama ya bata aliyekanyagwa. Kavugho alikunja uso. Kisha akakunja uso zaidi.

Bata alikuwa amekanyagwa pia katika sikio la kulia.

Alisimama wima. Katika sikio la kushoto, lililo wazi, tarumbeta liliteleza. Sekunde moja baadaye, ndani ya sponji, likateleza tena, dogo, nyuma ya sauti ya René aliyekuwa akieleza habari za risasi.

"Papa Mahmoudi," alinong'ona, akiifunika ile fimbo kwa kiganja, "hii kitu inaingiza sauti ya hapa?"

"Hapana, maman. Ukiifunika hivyo hata sauti yako haipiti."

Akaendelea kuifunika. Msiba ulipita duka, ukaanza kwenda mbali kuelekea mtoni. Katika sikio la kushoto fanfari ilififia. Katika sikio la kulia ilikuwa ikikua. Kisha, katikati ya ngoma na matarumbeta, sauti nyingine kabisa ikasema mbali kidogo na simu ya René: "Voilà, voilà, pole pole na hiyo!"

Maneno hayo Kavugho aliyasikia kila siku mezani kwake. Akaondoa kiganja kwenye fimbo.

"René, mwanangu," alisema kwa upole, "usikate. Nisimulie. Nataka kusikia sauti yako."

Akatoka dukani.

"Maman!" Mahmoudi alipaza sauti. "Maman, ekuteri yangu!" Akafunga duka kwa kufuli moja badala ya mawili, akamfuata mbiombio, ameshika kofia.

Kavugho alikwenda nyuma ya msiba, mikono mitupu, macho mbele. Watu walidhani ni mfiwa. Alimwuliza René habari za barabara, na René akamweleza tope. Alimwuliza habari za wanajeshi wa kizuizi cha barabarani, na René akamwelezea kila mmoja wao, mmoja hata alikuwa na kovu. Uongo huo ulikuwa na mapambo, ulitengenezwa kwa bidii, na Kavugho alijikuta akimdharau si kwa sababu anadanganya bali kwa sababu anafurahia. Fanfari iliendelea kupanda katika sikio la kulia. Waliingia njia ya maghala ya zamani, yale ya nyakati za kahawa, na hapo masikio yote mawili yakasikia bata mmoja, kwa nguvu moja.

Msiba ukaendelea. Kavugho akabaki.

Lori lake lilikuwa limeegeshwa nyuma ya ukuta uliobomoka. Halikuwa na tundu hata moja. Wapagazi wanne walikuwa wakishusha magunia na kuyaingiza ghalani. René alikuwa kivulini, mgongo kwake, simu sikioni, kandambili miguuni, mkono mwingine ukishika muhindi wa kuchoma.

"René," alisema Kavugho, hatua kumi nyuma yake. "Huko Nia-Nia kunanyesha?"

"Inanyesha, maman, tangu asubuhi! Tope mpaka magoti."

Jua lilikuwa likipasua mawe.

"Pole. Basi geuka, usilowane."

Aligeuka. Muhindi ulianguka. Mdomo wake ulibaki wazi na punje ndani yake, na kwa muda mrefu, ndani ya sponji, Kavugho alisikia pumzi ya mtu aliye mbele ya macho yake.

Léopold hakuona wala hakusikia chochote. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala, vidude viwili masikioni, akiongea na mnunuzi fulani, kidole kimeinuliwa kumwambia mpagazi angoje. Wapagazi waliweka magunia chini. René alimwita "Tonton," yaani mjomba, mara mbili, bila kujibiwa. Kavugho alitembea polepole hadi nyuma ya shemeji yake, akanyosha mkono, akang'oa punje ya sikio la kushoto kama mtu anavyong'oa kupe.

"Voi…" alisema Léopold, akageuka. "Yaya!"

"Ninakuharibia réunion, huo mukutano wako?"

"Yaya, acha nikuelezee. Si vile unafikiri. Ni vita. Vita iko, kila mutu anajitafutia. Ungepata faida yako kwa gari lingine. Mie nimekaa miaka nane kwako kama mutoto, bila kitu yangu…"

"Magunia ungeniibia," alisema Kavugho, na hakupiga kelele. Wapagazi, waliokuwa wakimjua kwa kelele, walisogea nyuma. "Mwizi namwelewa. Panya anaiba, simuchukii, namutegea. Lakini Elisée alikufa katika ile njia. Wewe ulikuwa pale tulipopata habari. Ulinishika mkono. Halafu ukakaa na huyu, mukatafuta uongo gani utanifaa, mukaona: tuchukue kifo cha Elisée, tufunikie vitunguu. Na nikaandikisha misa. Na ukaketi benchi la pili."

"Yaya…"

"Sikukuona kuwa mutu wa maana, Léopold, hata siku moja. Lakini nilidhani uko na chini, mahali ambapo hauwezi kushuka zaidi. Ni kosa yangu."

René alikuwa amepiga magoti. Alilia kwa sauti, akasema ni tonton Léopold aliyemtuma, akasema mkewe Pélagie ana mimba. Kavugho alimtazama, akakumbuka machozi aliyomlilia juu ya gunia, na akajionea haya yeye mwenyewe kuliko alivyomwonea huyu. Alikuwa ameamini upesi. Mwaka ule uongo wowote uliotiwa damu kidogo uliaminiwa, na kila mwerevu wa mjini alikuwa amekwisha kuligundua hilo isipokuwa yeye, aliyejiona mwerevu kuliko wote.

"Simama, usichafue nguo," alimwambia. "Lete funguo."

Akawageukia wapagazi. "Na ninyi, mulilipwa kushusha?"

"Bado, maman."

"Basi mutalipwa kupandisha."

Walipandisha. Wakati wanapandisha, Kavugho alibonyeza simu kiunoni na kumpigia tonton Kataliko kule Butembo, mkubwa wa ukoo wa marehemu mumewe, yule aliyemkabidhi Léopold miaka ile na kumwomba amlee. Alisimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, akimweleza kila kitu, na wapita njia walimwona mwanamke mzima akiongea na hewa. Hakuwajali. Tonton alisema neno moja, na Kavugho akalipeleka kama lilivyo.

"Tonton anasema urudi Butembo, ukajieleze mbele ya baraza ya famille. Kwa barabara."

Léopold alibadilika rangi. "Kwa ile barabara? Yaya, wataniua!"

"Mbona? René amepita huko juzijuzi," alisema Kavugho. "Kuna tope tu."

Mpagazi mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Mmoja wa wapagazi hao, mzee aliyewahi kuwa dereva, ndiye aliyeliendesha lori hadi soko kuu. Kavugho aliketi karibu naye, na Papa Mahmoudi akabanwa mlangoni, kofia mapajani.

"Bon, maman," Mahmoudi alianza, waliposhuka mbele ya depo. "Mimi ni mutu wa biashara, samahani. Inabaki kwako, ama inarudi kwangu?"

Kavugho alikuwa amesahau kwamba bado amekivaa. Akakivua, akakishika mbele ya uso wake. Kilikuwa kibaya kama kilivyokuwa asubuhi. Kilikuwa na sponji ya bei rahisi na fimbo kama mguu wa mende, na nywele zake mbili za mvi zilikuwa zimenaswa katika utepe. Shingo ilikuwa haijamuuma kwa saa mbili. Alichukia kukiri hilo.

"Kinanifanya mujinga," alisema.

"Kidogo," alikubali Mahmoudi.

"Na sitakivaa kanisani."

"Hata mimi sivai musikitini."

Alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo wapagazi walilisimulia kwa siku nyingi kuliko habari za Léopold.

Léopold hakwenda Butembo. Alisubiri gari wiki mbili, kila gari likawa na kasoro, halafu akatoweka. Baadaye watu walisema yuko Yahuma kwa wakwe zake, analima mihogo, na kwamba mtandao huko unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu. Kavugho alipoambiwa, alisema maskini mihogo. René alirudi kwao Bengamisa. Pélagie alipojifungua, Kavugho alituma sabuni na kitenge kwa mtoto, akamwonya mpelekaji kwamba akimpa René salamu yoyote, asirudi kazini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ilikuwa Jumatano. Magunia yalipokwisha kuingia, Annette alipiga simu kama kawaida na kumpa mama yao. Kavugho alikaa nyuma ya meza, kidude kichwani, kisu mkononi, akikata mizizi ya vitunguu.

"Niko muzima," alisema mama yake, kabla hajaulizwa.

Na kwa mara ya kwanza Kavugho alisikia. Kila neno lilikuja na mluzi mwembamba chini yake, kifua kinachovuta hewa kwa shida, na kati ya maneno kulikuwa na kikohozi kilichozuiwa kwa kiganja au kwa nguo. Ni miezi mingapi kilikuwa pale, chini ya kelele zake mwenyewe? Kisu kilisimama.

"Umekohoa tangu lini, mama?"

"Nani anakohoa? Sikohoi. Vumbi tu."

"Annette yuko karibu?"

"Mbona leo hupigi kelele?" aliuliza bibi kizee kwa mashaka. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimenunua kitu."

"Kitu gani?"

Kavugho alijitazama, akaona aibu, akaamua kutosema. "Mpe Annette simu kidogo. Kesho asubuhi mtaenda hospitali, wewe na yeye, na hakuna kubishana."

"Hospitali ya nini? Nimekwambia ni vumbi," alisema mama yake, na akaanza kulalamika juu ya Annette, namna anavyopika maharagwe bila chumvi, namna anavyoficha sukari, namna watoto wake wasivyosalimia. Alilalamika kwa muda mrefu. Kavugho hakumkatiza. Aliweka kisu mezani, akabonyeza sponji kwa vidole viwili iingie vizuri sikioni, akahesabu pumzi.